Yatima Aliyewatungia Watoto Hadithi

Kwa kuwa nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi kwa miaka mingi, wazazi huniuliza mara kwa mara kama yafaa kuwasimulia watoto wa Kikristo hadithi za mazimwi, majoka na pete za ajabu. Wengine husema huo ni upuuzi unaowapotezea watoto muda wa masomo. Wengine huogopa kwamba mtoto akizoea habari za wachawi, imani yake italegea. Maswali haya si ya bure, maana mzazi mwema huangalia kile anachompa mtoto wake kula, na vivyo hivyo kile anachompa kusikia.

Leo sitajibu kwa maneno yangu tu. Nataka kuwapeni habari za maisha ya mtu mmoja, Mkatoliki, baba wa watoto wanne, aliyewatungia watoto wake hadithi za namna hiyo, nazo zikaenea duniani kote. Jina lake ni John Ronald Reuel Tolkien. Kwao walimwita Ronald, nami nitamwita hivyo. Huenda vijana wenu wameona sinema zilizotengenezwa kutokana na vitabu vyake, zile zilizoanza kutoka mwaka 2001, zenye vita vikubwa na kelele nyingi. Lakini mambo ya sinema si yale ya mtunzi mwenyewe, na habari za mtunzi ndizo zinazonigusa mimi.

Nilianza kumfahamu kwa kitabu chake kimoja cha Kiingereza, The Hobbit, nilichoachiwa na padri mmoja alipohama parokia yetu. Nyumbani kwangu wanaishi wana wawili wa marehemu dada yangu. Jioni, tukiisha kula na kusali rozari, nilikuwa nikisoma kurasa mbili tatu kimoyomoyo, kisha nikiwaeleza kwa Kiswahili. Yule mdogo, mwenye miaka tisa, ni mtu wa maswali. Usiku mmoja aliniuliza, “Mjomba, huyu aliyetunga hadithi hii alikuwa na baba?” Nikamwambia sijui, ila nitatafuta. Niliyoyapata ndiyo haya.

MAMA MJANE

Ronald alizaliwa tarehe 3 Januari 1892 katika mji wa Bloemfontein, Afrika ya Kusini, ambako baba yake, Mwingereza aitwaye Arthur, alikuwa meneja wa benki. Joto la nchi ile halikupatana na mtoto. Basi mwaka 1895 mama yake, Mabel, alipanda meli pamoja naye na mdogo wake Hilary, wakaenda Uingereza kupumzika. Baba alibaki kazini, akitumaini kuwafuata. Hakuwafuata. Aliugua, akafa Februari 1896, na habari ya kifo ikawakuta wenzake huko huko mbali. Ronald alikuwa na miaka minne tu. Kumbukumbu alizobaki nazo za baba yake zilikuwa chache mno.

Mabel alibaki na wana wawili na fedha kidogo. Alipanga nyumba ndogo katika kijiji cha Sarehole, karibu na jiji la Birmingham. Hapo palikuwa na mto, miti mikubwa, na kinu cha kusagia nafaka kilichozungushwa na maji. Mwana wa mwenye kinu alikuwa akitoka mlangoni amejaa vumbi la unga tangu kichwani hata miguuni, na watoto wale walimpa jina la Zimwi Jeupe, wakawa wanamkimbia. Wasomaji wangu wa vijijini mtatambua mara moja watoto wa namna hiyo.

Kwa kuwa ada ya shule ilikuwa ngumu kwake, mama alijitia mwenyewe kazi ya ualimu. Alimfundisha Ronald kusoma, naye akajua angali na miaka minne. Akamfundisha Kilatini, kuchora, na majina ya miti na maua. Mtoto alipokuwa na umri wa miaka saba alitunga hadithi ya joka, akamwonyesha mama yake. Mama hakusema lolote juu ya joka. Hakumwambia kwamba majoka hayapo, wala kwamba anapoteza wino. Alimwonyesha tu kwamba maneno mawili ya Kiingereza katika sentensi yake hayakukaa kwa utaratibu, lililotakiwa kutangulia ameliweka nyuma. Mtoto alijiuliza kwa nini iwe hivyo, na hata uzeeni alisema bado anajiuliza. Mtoto huyo alikuja kuwa profesa wa lugha katika Chuo Kikuu cha Oxford.

Nami nawaambieni, walimu na wazazi wenzangu, hapa nilisimama nikafikiri sana. Yule mkubwa wa dada yangu ana daftari lake ambalo huandika habari za nyoka wa ziwani mwenye vichwa vitatu. Namsahihishia herufi na nukta. Nyoka namwachia mwenyewe.

GHARAMA YA IMANI

Mwaka 1900 Mabel alipokelewa katika Kanisa Katoliki. Jamaa zake walikuwa Waprotestanti wa madhehebu mbalimbali, na katika Uingereza ya siku zile jambo hilo lilikuwa aibu kubwa kwa ukoo. Wengi walikasirika. Shemeji yake mmoja, aliyekuwa akimsaidia kwa fedha, aliukata msaada ule. Mjane mwenye watoto wawili alijua vizuri kwamba imani hiyo itampunguzia chakula mezani, lakini hakurudi nyuma. Waliiacha Sarehole, wakahamia nyumba za mjini zilizokuwa duni zaidi, na mwishowe wakakaa karibu na Oratorio ya Birmingham, ile jumuiya ya mapadri iliyoanzishwa na John Henry Newman.

Mwaka 1904 Mabel aliugua kisukari. Siku zile ugonjwa huo haukuwa na dawa. Sindano za insulini zilianza kuwatibu watu mwaka 1922. Alifariki dunia tarehe 14 Novemba 1904, katika nyumba ndogo ya kijiji cha Rednal, akiwa na miaka 34. Ronald alikuwa na miaka kumi na miwili. Maisha yake yote alimhesabu mama yake kuwa kama shahidi wa dini, aliyejichosha na kufa ili wanawe wabaki katika imani.

PADRI MLEZI

Nilipofika hapo katika kuwasimulia, yule mdogo aliuliza tena, “Sasa nani aliwalisha?” Ni swali la mtoto anayejua anachouliza.

Kabla ya kufa, Mabel alikuwa amemwomba padri mmoja wa Oratorio, Padri Francis Morgan, awe mlezi wa wanawe. Padri huyu alikuwa mtu mnene, mwenye sauti kubwa na kicheko, mwenye damu ya Wales na ya Hispania. Fedha alizoacha mama zilikuwa haba. Jamaa zake Padri Francis walikuwa na biashara ya mvinyo Hispania, naye alipata sehemu yake ndogo katika biashara hiyo. Kutoka hapo aliongezea matumizi ya vijana wale kwa miaka mingi, bila kupiga mbiu.

Aliwaweka kwanza kwa shangazi yao wa ndoa. Huko walipata kitanda na chakula, ila upendo ulikuwa mdogo. Siku moja Ronald aligundua kwamba shangazi amezichoma moto barua zote za mama yake. Hakufanya kwa ubaya. Hakufikiri tu kwamba kuna mtu atakayezitaka. Ninyi mnaokaa na yatima, likumbukeni jambo hilo. Kanga moja ya marehemu, picha moja, karatasi moja yenye mwandiko wake, kwa mtu mzima ni takataka, lakini kwa mtoto ni mama.

Makao yao ya kweli yalikuwa Oratorio. Kila asubuhi walikwenda kumtumikia Padri Francis Misa, wakanywa chai kule, ndipo wakakimbilia shuleni. Likizo aliwapeleka pwani. Kwa maneno mengine, alikuwa baba.

Kama ilivyo kwa baba, ilifika siku ya kutopendeza. Mwaka 1908 vijana walihamishiwa nyumba nyingine, na humo alikaa binti aitwaye Edith Bratt, yatima pia, aliyempita Ronald miaka mitatu. Wakapendana. Ronald akaanza kulegea katika masomo, akashindwa mtihani wa kupata nafasi ya kusomeshwa Oxford. Padri Francis alipojua, alikataza. Mwaka 1910 akamwambia kijana asionane na Edith wala asimwandikie, mpaka atakapotimiza miaka 21.

Wako watakaosema padri yule alikuwa mkali mno, na Ronald mwenyewe hakuficha kwamba katazo lile lilimwuma vibaya. Mimi sisemi kila mlezi afanye vivyo hivyo. Nasema tu yaliyotokea. Kijana alikuwa na deni la shukrani, naye akaona hawezi kumdanganya mtu aliyemlea. Akatii. Akafanya mtihani mara ya pili, akashinda, akaenda Oxford. Kwa muda wa miaka mitatu hivi hakumwandikia Edith. Usiku ule ule alipotimiza miaka 21, tarehe 3 Januari 1913, saa sita ilipogonga, aliketi kitandani akaandika barua. Jibu likaja kwamba Edith amekwisha kuchumbiwa na mtu mwingine, kwa kuwa alidhani amesahauliwa. Ronald akapanda treni akamfuata. Walizungumza siku nzima, na kabla ya jioni Edith aliamua kurudisha pete ya yule mwingine.

Mwaka uliofuata Edith aliingia Kanisa Katoliki, ijapokuwa mwenye nyumba alimokaa alimfukuza kwa sababu hiyo. Walifunga ndoa tarehe 22 Machi 1916, mjini Warwick, katikati ya Kwaresima. Mtoto wao wa kwanza alipozaliwa mwaka 1917 walimwita John Francis, na aliyesafiri kuja kumbatiza ni Padri Francis yule yule. Baadaye Ronald aliandika kwamba mlezi huyo alikuwa kwake baba kuliko akina baba wengi waliozaa.

VITA NA MARAFIKI

Alikuwa ameoa kwa miezi miwili na nusu tu alipopelekwa Ufaransa, kwenye vita kuu ya kwanza. Mapigano ya mto Somme yalianza tarehe 1 Julai 1916, na siku hiyo moja Waingereza zaidi ya 19,000 waliuawa. Tangu shule Ronald alikuwa na marafiki watatu wa moyo, waliokutana kusomeana mashairi na kunywa chai. Mmoja wao alikufa siku ile ya kwanza. Mwingine alikufa Desemba mwaka huo huo. Huyu, kabla ya kwenda kwenye hatari, alikuwa amemwandikia Ronald kwamba, ikiwa yeye atakufa, basi Ronald aishi ayaseme yale ambayo yeye hatapata nafasi ya kuyasema.

Ronald aliokolewa na chawa. Chawa wa mahandakini walimtia homa mbaya, akarudishwa Uingereza Novemba 1916. Akiwa mgonjwa alianza kuandika hadithi za kale za nchi aliyoibuni mwenyewe, yenye watu wake, lugha zake na huzuni zake. Watu hudhani hadithi za ajabu hutungwa na wasiojua taabu. Huyu alikuwa yatima, askari, mgonjwa, aliyefiwa na marafiki.

BABA NA WATOTO WAKE

Mwaka 1925 alipewa uprofesa Oxford. Msidhani kwamba profesa yule alikuwa tajiri. Alikuwa na watoto watatu, wana John, Michael na Christopher, na mwaka 1929 akapata binti, Priscilla. Fedha hazikutosha, hata wakati wa likizo akawa anasahihisha lundo la karatasi za mitihani ya shule ili apate ziada.

Lakini watoto wake hawakukosa muda wake. Tangu mwaka 1920 mpaka 1943, kila Noeli, waliletewa barua kutoka kwa Baba Krismasi wa nchi ya barafu, yenye mwandiko wa kutetemeka kwa baridi, michoro ya rangi, na stempu iliyochorwa kwa mkono. Ndani yake mlikuwa na habari za dubu mweupe aliyeharibu hiki na kuangusha kile. Mwandishi, bila shaka, alikuwa baba yao, aliyekesha akichora. Mwaka 1925 walikuwa pwani, na Michael, ambaye hajatimiza miaka mitano, akapoteza kijibwa chake cha kuchezea katika mawe ya ufukoni. Walitafuta wasikipate. Mtoto alilia. Baba yake akamtungia hadithi ya mbwa halisi aliyegeuzwa kuwa kitu cha kuchezea, akafika mwezini na chini ya bahari. Hadithi hiyo, Roverandom, ilichapwa mwaka 1998, baba na mwana wote wawili wakiwa wamekwisha kufa. Haikutungwa kwa ajili ya soko. Ilitungwa ili mtoto mmoja anyamaze kulia.

Siku moja, katika kusahihisha mitihani, alikuta ukurasa ambao mwanafunzi ameuacha mtupu. Akaandika juu yake sentensi moja, kwamba katika shimo ardhini aliishi Hobbit. Hakujua Hobbit ni nini. Akaanza kutafuta jibu, na jibu likawa hadithi ya kijitu kifupi, asiyevaa viatu, mwenye manyoya miguuni, apendaye chakula na nyumba yake, anayetolewa kwake kwenda kukabiliana na joka. Aliwasimulia wanawe usiku. Christopher, aliyekuwa bado mdogo, alimkatiza baba yake na kumwambia kwamba juzi mlango wa Bilbo ulikuwa wa rangi ya buluu, mbona leo ni wa kijani. Baba alinung'unika, kisha akaenda kuandika jambo lile karatasini asije akasahau. Wanaodhani watoto hawasikilizi, na waone.

Kitabu kilipelekwa kwa mchapishaji, naye alimpa mwanawe wa miaka kumi akisome, kwa ujira wa shilingi moja. Mtoto akaandika kwamba kinafaa. Kikatoka Septemba 1937, nakala 1,500, zikaisha kabla ya mwaka kwisha.

Wasomaji walitaka kingine. Alianza kukiandika mwaka huo huo, akakimaliza mwaka 1949, akapiga chapa sehemu kubwa mwenyewe kwa mashine, kwa kuwa hakuwa na fedha za kumlipa karani. Ndicho kiitwacho The Lord of the Rings, yaani Bwana wa Pete, kilichotoka katika vitabu vitatu mwaka 1954 na 1955. Wachapishaji walidhani watapata hasara. Kimesomwa na mamilioni.

IMANI ILIYOJIFICHA

Sasa nalirudia swali la wazazi. Katika vitabu vile hakuna kanisa wala padri. Hata hivyo mwaka 1953 mtunzi alimwandikia rafiki yake Mjesuiti kwamba Bwana wa Pete ni kazi ya dini na ya Kikatoliki katika msingi wake. Imo wapi basi hiyo dini?

Tazameni kisa chenyewe. Pete yenye nguvu mbaya yapasa kutupwa katika moto wa mlima. Wakubwa na wenye hekima wanaogopa hata kuigusa. Anayeibeba ni mdogo, Frodo, pamoja na mtumishi wake. Njiani anaandamwa na kiumbe duni, Gollum, mwizi aliyeharibiwa na pete ile ile. Mara nyingi angeweza kuuawa, lakini anahurumiwa. Frodo anafika kwenye moto, nguvu zimemwishia, na mwishowe anashindwa kuitupa pete. Ndipo Gollum anamnyang'anya, anateleza, anaanguka nayo motoni. Kwa hiyo huruma waliyomwonea mwizi ndiyo iliyowaokoa wote, wala si ushujaa wa mtu. Mimi sijui namna bora ya kumwambia mtoto kwamba binadamu hajiokoi kwa nguvu zake mwenyewe.

Mtoto hajifunzi hofu kutoka katika hadithi. Hofu anayo tangu zamani: ya giza, ya homa, ya kufiwa. Sisi wenyewe tulilelewa na mazimwi na fisi wa bibi zetu, tukiitikia “Pakawa!” gizani, na Sungura mdogo alishinda kila mara. Linalopasa kuangaliwa ni kama hadithi yenyewe inaita uovu kwa jina lake, au inausifu. Anayemsifu mchawi anapoteza watoto. Anayeonyesha jinsi mchawi anavyoangamia kwa tamaa yake, huyo anawafundisha.

Usiku mmoja wa mwaka 1931, huko Oxford, Ronald alizungumza mpaka alfajiri na rafiki yake C. S. Lewis juu ya Kristo na juu ya hadithi za kale za mataifa. Siku chache baadaye Lewis alimkubali Kristo, ijapokuwa katika Kanisa la Kianglikana. Yeye naye aliwaandikia watoto vitabu saba vya nchi ya Narnia. Ronald pia alishiriki katika tafsiri ya Kiingereza ya Biblia ya Yerusalemu, iliyotoka mwaka 1966. Alitafsiri Kitabu cha Yona.

Edith alifariki mwaka 1971. Ronald alimfuata tarehe 2 Septemba 1973, mwenye miaka 81, na wamelala kaburi moja katika makaburi ya Wolvercote, Oxford. Misa ya maziko iliongozwa na mwanawe wa kwanza, John, aliyekuwa amepata upadri mwaka 1946. Na yule Christopher aliyemkatiza baba yake kwa ajili ya rangi ya mlango alichukua maandiko aliyoyaacha baba, akayapanga na kuyachapisha kwa zaidi ya miaka arobaini, mpaka karibu na kufa kwake mwaka 2020.

NENO KWA WALEZI

Vijijini mwetu yatima ni wengi, na kila mara husikika maneno yale yale, kwamba mtoto wa marehemu atakula shamba lako kisha akukimbie. Nami nimeambiwa hivyo, na watu wa karibu. Sibishani nao. Mabel hakuiona siku hata moja ya heshima ya mwanawe. Padri Francis alifariki mwaka 1935, miaka miwili kabla ya kitabu cha kwanza cha hadithi kutoka. Wote wawili walipanda wasivune, na hakuna aliyedai malipo.

Basi, wapenzi, mwenye mtoto wa mwenzake nyumbani asimhesabie vijiko. Ampeleke shule, amtunzie kumbukumbu za wazazi wake, amkataze inapobidi kukataza, na amfundishe sala. Na jioni, kazi za siku zikiisha, azime redio na simu kwa nusu saa, amsimulie hadithi. Asiyejua ya vitabuni na asimulie ya bibi yake. Mtoto akikukatiza na kusema juzi ulisema vingine, usimkaripie. Sahihisha, kisha endelea.